Baiskeli tatu, njia moja: Ruaka hadi mashamba ya chai ya Tigoni

Karibu kila Jumamosi napanda njia ile ile. Natoka Ruaka, pembeni mwa Nairobi, napandisha Banana kwenye lami, naingia barabara za udongo mwekundu katikati ya chai ya Tigoni, kisha najizungusha hadi nyumbani. Ni kama kilomita 40, na theluthi yake haina lami. Nimeipita kwa baiskeli tatu tofauti, na iliyonituliza moyo ni ile yenye matairi ya milimita 40.

Nilianza na baiskeli ya mbio, matairi ya milimita 25. Kwenye mlima wa Banana ilikuwa raha tupu, nyepesi, kila nikikanyaga inaitika. Nilikuwa najaza upepo hadi psi 95 (kipimo cha shinikizo la upepo) nikiamini tairi gumu ndilo lenye kasi. Kwenye changarawe likawa linaruka juu ya kila jiwe, na nguvu yangu yote ikaishia kwenye kutikisika badala ya kunisukuma mbele. Mikono ilikufa ganzi. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi enzi za baiskeli za Black Mamba, alilibonyeza kwa kidole gumba akaniambia, "Dadangu, hii si ngoma. Punguza upepo." Nikapunguza, lakini nikazidisha. Jiwe la kwanza likaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Tairi jembamba halina nafasi ya kukosea: ukijaza sana linakurusha, ukipunguza kidogo tu unapiga pancha.

Kilichonifanya niiache hasa ni ukingo wa lami. Anayeendesha upande huu anaujua: matatu inakuja nyuma na honi, nawe huna pa kwenda ila kushuka kwenye vumbi, na pale lami inapokatika kuna ngazi ya karibu kiganja kizima. Kwa milimita 25 nilikuwa naogopa kushuka, na nikishuka, naogopa zaidi kupanda tena. Uoga huo haupimwi kwa saa, lakini unachosha kuliko mlima.

Ya pili ilikuwa ya milimani, ya mtumba, gurudumu la inchi 26 na matairi ya inchi 2.1 yenye meno makubwa. Kwenye udongo inakwenda popote, na tyubu zake utazipata hata kwenye kibanda cha soda. Kwenye lami, hata hivyo, meno yale yananguruma muda wote, na nilikuwa nafika Banana miguu imekwisha kabla sijauona mti mmoja wa chai. Anayezunguka Karura tu, ichukue hiyo. Ndani ya msitu hutahitaji zaidi.

Sasa nina ya changarawe: usukani uliopinda kama wa mbio, breki za diski, matairi ya 700 kwa 40 (700 ni saizi ya gurudumu, 40 ni upana kwa milimita) yenye meno madogo pembeni na mgongo ulio laini. Nina kilo 68, najaza psi 38 nyuma na 35 mbele. Kupanda Banana napoteza kama dakika tatu nikilinganisha na ile ya mbio. Nikifika kwenye udongo nazirudisha zote na kuongeza, kwa sababu tairi linameza mawe badala ya kuyagonga. Na ukingo wa lami? Nashuka, napanda, sishiki hata breki.

Nilijaribu pia milimita 45, maana fremu inaruhusu. Kiangazi yalikuwa mazuri. Mvua za Aprili zilipofika, udongo ule ukajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nikawa nachokoa kwa kijiti kila mita mia. Nikarudi kwa 40.

Kama unayo ya mbio na fremu yako haipokei zaidi ya 28, weka 28, anza na psi 75 hivi, halafu ongeza au punguza kulingana na uzito wako. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Jambo moja la kujipanga: tyubu za 700 zenye valvu nyembamba sijazipata Banana wala Ruaka. Maduka yote niliyoulizia yana za inchi 26. Nabeba mbili, na pampu.