Wavu wa kunguru bandani kwangu Feri, baada ya miezi 7

Nina banda la chakula karibu na soko la samaki Feri, Mtwara. Napika wali, ugali wa muhogo na pweza wa nazi, na msimu ukifika, ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha. Anayeijua Feri ya asubuhi anawajua na kunguru wake. Chombo kikitia nanga tu, wameshajipanga kwenye bati wakisubiri utumbo wa samaki umwagwe. Mteja akienda kunawa, anarudi hakuti changu wake sahanini. Upenuni nako njiwa walizaliana mpaka kinyesi kikawa kinadondokea meza na simtanki la maji.

Mwezi wa pili nilimwita kijana mmoja fundi wa kufunga nyavu za kuzuia ndege. Wenzangu wengi wa sokoni wameniuliza habari zake, nami nawajibu wote hapa.

Kabla yake nilifanya kosa. Mwaka jana alinijia mtu mwingine akiniahidi kwamba kwa siku 2 kunguru watakwisha. Akachanganya utumbo wa samaki na dawa ya kupulizia mikorosho, akaimwaga nyuma ya banda. Nilimruhusu, na mpaka leo naumia. Kunguru 4 walianguka mchangani mbele ya watoto waliokuwa wakiparua samaki. Mmoja alitapatapa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Usiku akafa paka wa jirani, aliyekuwa akitulindia unga wetu sote dhidi ya panya. Wiki haijaisha, kunguru wamejaa batini tena, kwa kuwa utumbo ulikuwa ukimwagwa palepale. Na hebu fikiria mtoto angeokota kile kipande cha samaki!

Huyu wa nyavu alianza kwa kupanda ngazi. Akachungulia upenuni, akashuka. "Mama, humu mna makinda 2, yameshaota manyoya. Tukiziba leo yatakufa njaa, na yatakuozea juu ya masufuria. Nivumilie wiki 2." Nilikereka, maana nilishamwandalia hela. Lakini alirudi siku ile aliyosema, makinda yamesharuka, ndipo akaziba upenu kwa waya wa banda la kuku.

Kibarazani alifunga wavu mweusi wenye macho ya inchi 1 hivi. Kunguru na njiwa hawapiti. Aliuvuta kwenye waya pande zote mpaka ukakaza kama ngozi ya ngoma, akanieleza kuwa wavu uliolegea ndio unaonasa mguu wa ndege akafia juu. Wavu, waya na ufundi, jumla shilingi 85,000. Akaniwekea na sharti: ninunue pipa lenye mfuniko, mabaki yasilale wazi. Nilinunua, na nadhani pipa limefanya nusu ya kazi.

Leo meza zangu safi, maji ya simtanki hayana manyoya. Abiria wanaosubiri kuvuka kwenda Msanga Mkuu wanakaa wanakula bila kufunika sahani kwa mkono. Kunguru bado wanatua batini, wanachungulia, wanaondoka.

Kasoro ipo. Kusi la mwezi wa sita liling'oa pembe moja, wavu ukalegea, njiwa akanasa. Nilimpigia fundi saa 1 asubuhi, akaja kesho yake jioni. Nisingepanda mwenyewe na kisu kuukata wavu na kumnasua yule njiwa, angekufa. Halafu akadai 10,000 ya kurudishia pembe ile. Hilo sikulipenda. Anayefunga wavu aje aukague kila baada ya upepo mkali, na gharama hiyo iwe ndani ya bei ya mwanzo.

Sisemi kunguru waachwe. Hawa wenye shingo ya kijivu si ndege wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea mpaka bara, na wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Serikali ikiamua kuwapunguza, ifanye kwa wataalamu, kwa mitego ya tundu inayokaguliwa kila siku, na anayeuawa afe upesi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Sokoni kwetu kinachokosekana ni sheria ndogo ya kumwambia kila mwenye banda: sumu marufuku, usizibe tundu lenye makinda, wavu ukaze, pipa lifunikwe. Na utumbo wa samaki uwe na mahali pake na saa yake ya kuzolewa. Mimi peke yangu na pipa langu siwezi kuumaliza utumbo wa soko zima. Nimeshamweleza bwana afya, na nitamweleza tena.

Fundi nampa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeiondoa kwa sababu ya yule njiwa wa kusi. Anayetaka kuuona wavu apite bandani kabla ya saa 4 asubuhi, vyombo vinapoingia, awaone kunguru wenyewe wanavyoukwepa.