Kabla ya kuuliza mota, uliza kifuniko cha tundu la chaji

Mwezi wa nne tangu ninunue baiskeli yangu ya kwanza ya umeme, chaja ilianza kupepesa taa. Kijani, nyekundu, kijani, halafu kimya. Nikadhani umeme wa nyumbani umepungua nguvu, nikahamia soketi ya jikoni, mambo yakawa yaleyale. Usiku ule nikailaza baiskeli kwenye mkeka, nikawasha tochi ya simu na kuangalia kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji, pale chini karibu na pedeli ya kushoto. Ulimi unaokishikilia kwenye fremu ulikuwa umekatika. Kifuniko kilikuwa kimekaa tu juu ya tundu, hakijaziba kitu. Ndani, pini mbili nene zilikuwa zimeota ukoko wa kijani kama sarafu ya zamani iliyookotwa ufukweni, na chembe za mchanga zimegandia humohumo. Nilipougusa ukoko kwa kijiti cha meno, pini moja ikameguka.

Nilikuwa nimetoa shilingi milioni saba na laki mbili. Kilichoniangusha ni kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha koti.

Fundi simu wa sokoni alinisaidia kusafisha kwa mswaki na spiriti, lakini pini iliyomeguka hairudi. Waya mpya wenye tundu lake niliungoja wiki saba. Muda wote huo baiskeli ya kilo 24 ilikuwa mzigo wa kusukuma, na mwenye kuijua njia ya mchanga ya Msimbati anaelewa kusukuma kilo 24 ni kazi gani.

Tangu hapo napata ujumbe wa "dada, ninunue ipi?" kutoka kwa watu wa Mtwara, Lindi hadi Masasi. Wote wanaanza na mwendo, kisha wanauliza chaji moja inafika wapi. Hayo sitayagusa sana. Baiskeli za soko la Ulaya mota huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na nyingi za soko la Marekani huacha kwenye 32. Umbali nao unategemea uzito wako, mchanga na unavyokanyaga. Ninachozungumzia hapa ni baiskeli za milimani za nguvu kamili, yaani zile ambazo mota yake iko kwenye pedeli na ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 85 au zaidi, betri ya kuanzia Wh 600 hivi (Wh ni kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba), na uzito wa kilo 22 hadi 25. Zile nyepesi za Nm 50 au 60 ni nzuri kwa aliye na miguu tayari. Mtu anayetaka kupanda kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala kupitia ule ukingo wa Shimo la Mungu, mwinuko ambao bibi zetu waliupanda na maji kichwani, anahitaji nguvu kamili. Hapo sibishani na mtu.

Ila nguvu zote hizo zinaingilia kwenye tundu moja. Na sisi tunaishi na bahari.

Mimi nakaa Mikindani. Kusi likivuma, asubuhi unakuta vioo vya madirisha vina utando mweupe, ukilamba kidole ni chumvi. Bawaba za milango zinaliwa, misumari ya mabati inaacha michirizi ya kutu. Chumvi hiyohiyo inaingia kwenye tundu la chaji. Chumvi huvuta unyevu, maji ya chumvi hupitisha umeme, na chuma chenye umeme kikiwa ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka mara nyingi kuliko kikiwa kimelala bila umeme. Ndiyo maana baiskeli ya kawaida inaweza kukaa miaka Mikindani ikapata kutu ya cheni tu, lakini ya umeme ikafa kwa pini mbili. Watengenezaji wengi wanaliweka tundu hilo chini, karibu na mkono wa pedeli, mahali ambapo tairi la mbele linarusha kila kitu. Kwa msitu wa Ujerumani, matope yanakauka, unayafuta. Huku kwetu yanabaki na chumvi yake.

Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja: je, naweza kuitoa betri nikaichaji ndani ya nyumba, tundu la fremu likabaki limefungwa mwaka mzima?

Namba moja: Trek Rail

Ndiyo ninayoendesha sasa na ndiyo ninayoipenda, nasema wazi. Yangu ni ya mkono wa pili, ina mota ya Bosch Performance Line CX ya Nm 85 na betri ya Wh 625. Betri inatoka ubavuni mwa bomba la chini la fremu. Unazungusha ufunguo, unashika mpini wake, unaingia nayo ndani kama umebeba kidumu cha maji. Chaja inachomekwa moja kwa moja kwenye betri. Tundu la fremu nimelipaka grisi ya silikoni kidogo, nikalifunika na kuzungushia utepe, na sijalifungua tangu Januari. Mahali betri inapokaa ni ndani ya bomba, mchanga haufiki kirahisi, na kila Jumapili nikimaliza kufua napafuta kwa kitambaa kikavu.

Shoki ya mbele ina mzamo wa milimita 160, ya nyuma 150, inatosha kwa mawe yote niliyokutana nayo kwenye uwanda wa Makonde. Lawama yangu ni sauti. Ukiteremka kwenye mawe bila kukanyaga, mota inagonga kokoko, kokoko. Ni gia za ndani zinacheza, si ugonjwa, na watu wawili wameshataka niwarudishie fedha za nauli wakidhani baiskeli niliyowashauri wainunue imeharibika. Haijaharibika. Endesheni.

Namba mbili: Giant Trance X E+

Mota yake imetengenezwa na Yamaha. Jina hilo wavuvi wa Shangani na Mikindani hawahitaji kufundishwa, wanalifunga nyuma ya boti kila alfajiri. Kwenye matoleo mengi betri inatoka kwa ufunguo, ubavuni, na hilo ndilo lililoipandisha hapa. Matoleo yanatofautiana, kwa hiyo mwambie muuzaji aitoe betri mbele ya kamera, kwa mikono yake, bila kukata video.

Namba tatu: Specialized Turbo Levo, kizazi cha 3

Kwa kuendesha tu, hii ni tamu kuliko zote. Nm 90, betri ya Wh 700, na kimya kabisa kwa sababu ndani ya mota kuna mkanda. Lakini betri inatokea chini baada ya kufungua boliti, kazi ambayo hakuna mtu ataifanya kila jioni akiwa amechoka. Utachajia kwenye fremu tu, kwenye tundu la chini. Ukikaa Newala au Masasi, mbali na chumvi, ipandishe hadi ya kwanza, sitakasirika. Ukikaa Lindi mjini, au Kilwa, iache.

Baiskeli zenye mota ya Shimano EP8 zipo za kampuni nyingi. Mota ni nyepesi, kilo 2.6, Nm 85. Swali ni lilelile la betri, na jibu linategemea fremu.

Ya mwisho, na najua nitapigiwa simu: Amflow PL

Hii ndiyo kila kijana ananitumia video zake. Mota ni Avinox ya DJI, wale wa droni, ilitoka 2024. Nm 105, na kwa muda mfupi inapanda hadi 120. Baiskeli nzima ni nyepesi kuliko yangu kwa kilo kadhaa. Inaniumiza kuiweka chini, kwa sababu ni kazi nzuri. Lakini betri imefungiwa ndani ya fremu. Kila uniti ya umeme itakayoinywa maishani itapita kwenye tundu la fremu, na umeme ukikatika siku tatu huwezi kubeba betri peke yake kwenda kwa ndugu mwenye jenereta, unaipeleka baiskeli nzima. Mwenye kuishi bara, hewa kavu, ajinunulie kwa amani.

Za bei nafuu zenye mota kwenye gurudumu la nyuma na kibandiko cha wati 1000: zinafaa barabara ya lami hadi Naliendele na kurudi. Mlimani mota inapata moto. Nimemaliza.

Ukishainunua

Kabla ya safari ya kwanza, kaa juu ya baiskeli na begi lako lote, upime shoki ya nyuma inazama kiasi gani. Ile pete ya mpira iliyo kwenye shoki ionyeshe asilimia 25 hadi 30 ya urefu wa mzamo. Zaidi ya hapo ongeza upepo kwa pampu ya shoki, maana pampu ya tairi haiwezi kazi hiyo. Tairi usizijaze zikawa ngumu kama za baiskeli ya kubebea mkaa. Mimi nina kilo 68, natumia upepo wa psi 24 nyuma na 22 mbele, nikienda kwenye mchanga nashusha zaidi. Toa tyubu, weka maji ya gundi ndani ya tairi, kwa sababu ya mbigili. Mwaka jana nilihesabu mbigili 11 kwenye tairi moja baada ya kukatiza shamba la korosho, na tairi halikushuka.

Kuosha ni ndoo na kitambaa. Usiipeleke kwa vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha, hata kama ni shemeji yako. Presha inasukuma maji kupita mipira yote, na Bosch wenyewe wanakataza. Ukitoka ufukweni, futa kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha ndiyo ufungue chochote. Pini zipakwe grisi ya silikoni kwa ncha ya kijiti cha pamba, kidogo sana.

Betri usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka juani, iache ipoe kivulini. Ukisafiri mwezi mzima, iache ikiwa na chaji nusu, isijae wala isiishe. Kuhusu gharama, betri ya Wh 625 kutoka sifuri hadi kujaa haimalizi uniti moja ya LUKU. Watu wakiniambia umeme ni ghali nawauliza lita moja ya petroli wanaijaza kwa shilingi ngapi.

Sasa wauzaji

Aliyeniuzia ile ya kwanza alinitumia picha tisa. Nimezirudia zote baadaye. Zote tisa zimepigwa upande wa kulia, upande wa cheni, ambako baiskeli inapendeza. Upande wa kushoto, wenye tundu, hakuna hata moja. Nilipompigia kuhusu pini akasema baiskeli ilitoka kwake ikiwa nzima na kwamba sisi wa Kusini hatujui kutunza vitu. Maneno hayo sijayasahau. Mtu amekuuzia kifuniko kilichokatika, halafu anakutukania mkoa.

Na hii tabia ya "bei njoo inboksi" imenichosha. Ukiingia inboksi, wa kwanza kukuuliza anataka kujua uko wapi. Ukisema Mtwara mwezi wa kumi au wa kumi na moja, bei inapanda, kwa sababu mnada wa korosho umeanza na wote wanaamini kila mtu wa huku ana gunia la hela chini ya kitanda. Mimi mwenyewe nimetajiwa baiskeli moja bei mbili kwa simu mbili, tofauti ya laki sita, kisa namba ya pili nilisema niko Morogoro. Mkulima anangoja malipo yake kwa wiki kadhaa, mfanyabiashara ameshapandisha bei siku ya mnada wa kwanza. Nunueni mwezi wa tatu au wa nne, mvua ikinyesha na wauzaji wakihitaji fedha kuliko nyie.

Jambo lingine wanalowaficha ni usafirishaji. Betri ya ukubwa huu haipandi ndege ya abiria. Kikomo ni Wh 160, na kufikia hapo lazima shirika liruhusu. Muuzaji akikuambia "kesho inafika Mtwara kwa ndege", ama hajui anachouza ama atatuma baiskeli bila betri na kukuacha unaihangaikia. Itakuja kwa barabara. Mwambie aiweke betri kwenye boksi lake, pini zizibwe kwa utepe, isilazwe chini ya buti la basi pamoja na ndoo za samaki. Yangu ya pili ilifika na maji ya barafu ya samaki kwenye kona ya boksi. Bahati ilikuwa imefungwa nailoni mara mbili, na aliyeomba ifungwe hivyo ni mimi.

Dada wa Lindi aliyeniandikia wiki iliyopita, nilimwambia asilipe hata senti kabla ya picha nne: upande wa kushoto mzima, kifuniko kikiwa kimefungwa, kifuniko kikiwa wazi na tochi ikimulika ndani, na pini za betri ikiwa imetolewa. Muuzaji alizunguka siku mbili, akasema simu imeharibika kamera. Jana usiku picha zimefika. Ni Rail, pini zake zinang'aa, lakini ulimi wa kifuniko umekatika kama ule wa kwangu. Nimemwambia aombe apunguziwe laki tatu, na kifuniko kipya kiagizwe kabla baiskeli haijapanda basi.