PRS Custom 24: SE ya Indonesia au Core ya Maryland?

PRS, kampuni ya magita ya Marekani, hutengeneza gita la umeme la Custom 24 katika matoleo haya mawili: SE la bei nafuu na Core la bei ya juu. Ukiyatundika ukutani yote mawili, kwa mbali huwezi kuyatofautisha: mapambo yaleyale ya ndege shingoni, freti 24 (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), umbo lilelile. Lakini SE hutengenezwa Indonesia na Marekani huuzwa karibu dola 1,000, wakati Core hutoka kiwanda cha PRS chenyewe, Stevensville, Maryland, na bei yake inapita dola 4,000.

Sogea karibu sasa. Ile mistari ya mbao ya mepo (maple) inayocheza na mwanga kwenye SE ni utando mwembamba wa mbao uliogundishwa juu ya mepo ya kawaida. Kwenye Core imo ndani ya ubao mnene wenyewe, na ukiinamisha gita dirishani unaiona ikizama na kuibuka. Hapo, nakiri, moyo hushtuka. Shingo pia zinatofautiana: SE ni mepo, Core ni mahogani.

Sauti? Ukipiga na bendi, amplifaya ikinguruma, tofauti ni ndogo mno kulinganisha na pengo la bei. Ukipiga polepole, sauti safi, kila uzi wa Core naona unasikika kwa uwazi zaidi.

Kwa mpigaji wa kila wiki kanisani au ukumbini, ningenunua SE bila kusita, kisha nimpelekee fundi mzuri airekebishe freti na kimo cha nyuzi, na fedha iliyobaki iende kwenye amplifaya. Core ningemshauri anayerekodi studio mara kwa mara, au aliyeipenda kwa dhati na uwezo anao.