Nani aliiomba inihurumie?

Nimeishinda kompyuta na bado nina hasira. Nyota moja.

Programu hii ya sataranji niliipakua muda kidogo uliopita, nikavutwa na maneno yao ya kunoa bongo. Picha na sauti sina neno nazo. Ugomvi wangu ni malkia.

Juzijuzi nacheza kiwango cha kati, inanikaba kweli kweli. Farasi wake kajikita katikati ya ubao hang'oki, ngome zangu zote mbili zimebanwa pembeni, mimi natafuta angalau sare. Kichwa kinafanya kazi, ndicho nilichofuata. Mara, bila sababu yoyote, ikamchukua malkia wake ikamweka mbele ya askari wangu. Bure! Nilitafuta mtego mpaka macho yakauma, hakuna mtego. Nikamla, nikashinda, kioo kikajaa fataki: "Hongera! Akili yako inazidi kung'aa!" Na alama za ubongo juu yake.

Za nini? Nimefikiri nini hapo?

Sababu naielewa. Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, mwaka 1997, na siku hizi hata programu ya simu inaweza kumshinda bingwa wa dunia. Ikicheza kwa nguvu zake zote, mimi sifiki popote. Basi wameiagiza iboronge makusudi. Lakini mtu asiyejua haborongi hivyo! Mtu hukimbilia kula kete ya bure bila kutazama askofu anayemvizia kutoka mbali. Hii inacheza kama bingwa, inazimia ghafla, halafu inazinduka kama hakuna kilichotokea. Ni mjomba anayemwachia mtoto ashinde karata, ila mjomba hadai ada ya kila mwezi.

Na hizo alama ndizo zinanichefua zaidi. Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia Chase na Simon waliandika kuhusu wachezaji hodari walioonyeshwa ubao kwa sekunde 5. Kete zikiwa zimetoka kwenye mchezo halisi, walizikumbuka kuliko wengine wote. Zikitawanywa ovyo, uhodari ukayeyuka. Yaani sataranji hukunoa kwenye sataranji. Kwangu hilo latosha kabisa, sihitaji fataki za kunidanganya.

Haya, nisiwaonee. Mafumbo yao, yale ya kummaliza mfalme kwa hatua mbili au tatu, ni matamu mno. Huko hakuna huruma, ukikosea umekosea. Kuna usiku nililala nalo moja kichwani, asubuhi jibu hilo hapo. Kwa mafumbo peke yake ningewapa nyota tatu, pengine nne. Ingawa Lichess, tovuti ya sataranji, nako mafumbo yapo, bila malipo wala matangazo.

Nilikuwa tayari kubadilisha nyota. Ndipo likaja jibu la malalamiko yangu kuhusu malkia: wamefurahi kusikia naendelea kushinda, na nikilipia kifurushi kikubwa, kompyuta itakuwa "rafiki zaidi".