Darasa la kujihami ambalo mshambuliaji wake haruhusiwi kushika

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Habari za ukumbi, ada na ratiba ulizeni wenyewe mtaambiwa. Mimi nataka kusema juu ya mkono wa mtu.

Nilijiunga na darasa hili baada ya simu yangu kukwapuliwa dirishani, nimekaa kwenye taksi, tumekwama katika jam ya Jinja Road. Wanaopanda taksi Kampala wanayajua hayo. Sikutafuta mkanda wala cheti. Nilitaka kujua la kufanya mtu akinikamata.

Wiki zikapita tukifundishwa namna moja: mwenzako anarusha ngumi moja, halafu anauacha mkono umenyooka hewani, anakusubiri. Unaukamata, unauzungusha, unamlaza chini, watu wanapiga makofi. Kisu cha mpira ni vilevile, anachoma mara moja anaganda. Jamani, ni mwizi gani huyo? Mwenye kisu anachoma, anavuta, anachoma tena, na mkono wa pili amekukaba nao kola.

Basi siku moja nikapangwa na dada mmoja mgeni, mchuuzi wa soko la Nakawa, mikono imezoea magunia. Zoezi lilikuwa kujinasua ukishikwa kifundo cha mkono: unachomolea upande wa kidole gumba cha aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko unapoachia kwa urahisi. Nikamwambia, "Dada, nishike kweli, usinionee huruma." Akanishika kweli, tena akanivuta. Nikazungusha mkono, wapi! Kila nikigeuka naye anageuka, miguu yangu imeshahama nilipoisimamisha. Nilifurahi mno. Nikaacha kuvutana naye, nikapiga hatua kumfuata, nikabana kiwiko mbavuni, na mkono ukaanza kuteleza.

Filimbi ikalia. Mwalimu akaja mbele ya watu wote: "Nyabo, hapa hatupigani. Ukitaka kupigana nenda Naguru ukacheze ngumi na wahuni." Kisha akamgeukia yule dada: "Na wewe unashika vibaya."

Anashika vibaya! Mtu amefunga biashara yake mapema, amelipa sawa na wengine, anaaibishwa kwa sababu mbinu ya mwalimu imegoma. Nikauliza kwa heshima, "Mwalimu, na mwizi naye akishika vibaya?" Nikaamriwa nitoke kwenye mkeka, nikakaa benchi mpaka darasa likaisha.

Na si kwamba jambo hili ni geni. Jigoro Kano alianzisha judo huko Japani mwaka 1882, na mazoezi yake yakawa na randori: wawili wanakabana, kila mmoja anataka kweli kumwangusha mwenzake. Mapigo ya hatari aliyatenga yafanywe kwa mpangilio maalumu, ili yaliyobaki watu wayajaribu kwa nguvu zao zote bila kuvunjana. Na huko Naguru anakokudharau, mabondia wanazoea kila siku kwamba ngumi ikirushwa hurudi, na ya pili iko njiani. Hii ni nchi ya bondia John Mugabi, aliyeleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow mwaka 1980. Wahuni!

Niwe mkweli, mwalimu ana hoja katika jambo moja. Anayeanza asikabwe kwa nguvu zote siku ya kwanza, kiungo cha kiwiko kikienda vibaya ni hospitali. Na wasaidizi wake ni watu wa adabu, wanakurekebisha polepole bila kuchoka. Kwa ajili yao nilikuwa nimeandika nyota tatu.

Lakini kuanza polepole kuna mwisho wake. Siku hizi mimi na dada yule tunafanya wenyewe, jioni akishafunga meza. Tunavaa glavu na kinga ya meno. Raundi ya kwanza polepole, ya pili anaongeza nguvu, ya tatu anafanya atakavyo, avute, asukume au abadilishe mkono. Ukigonga mara mbili kuomba uachiwe, mwenzako anaachia papo hapo, hakuna kubishana. Mara nyingi ananishinda. Mara nyingine najinasua, na nikijinasua najua hakuniachia.

Kwa hiyo hizo tatu nimezifuta. Nikikumbuka uso wa yule dada siku ile, naandika moja, na hiyo moja ni ya wasaidizi. Ada ya wiki zilizobaki nimeiomba irudishwe, yangu na yake, na hadi leo hawajajibu.