Uzoefu wangu na HandBrake: kuondoa milia myeusi bila kuharibu sura za watu

Nyumbani kwetu Tanga kuna kabati lenye DVD 43 za filamu alizozinunua Baba kwa miaka mingi, na deki iliyokuwa ikizicheza ilikufa mwaka jana. Niliamua kuzigeuza kuwa mafaili ya MP4 ili azitazame kwenye televisheni kwa flashi, na programu niliyoishia kuitumia ni HandBrake, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inafanya mambo mengi, lakini hapa ninaipima kwa kazi moja iliyonisumbua kuliko zote, yaani kuondoa milia myeusi ya juu na chini huku picha ikibaki katika uwiano wake halisi wa upana na kimo.

Kabla ya hapo nilijaribu programu nyingine iliyokuwa na kitufe kimoja tu cha kujaza skrini. Nilikibonyeza nikiwa na furaha, na milia ikatoweka kweli, ila ilitoweka kwa sababu picha ilikuwa imevutwa kwenda juu na chini. Baba alitazama dakika chache akauliza, “Huyu bwana alikuwa anaumwa? Mbona amekonda hivi?” Nikafuta faili lile nikaanza upya, safari hii kwa kujifunza kwanza milia hiyo inatoka wapi.

Filamu nyingi za sinema zina upana wa mara 1.85 au 2.39 ya kimo chake, ilhali televisheni za sasa zina uwiano wa 16 kwa 9, yaani 1.78. Filamu ya 2.39 haiwezi kulijaza lote umbo la televisheni bila kukatwa ubavuni au kuvutwa, kwa hiyo hata ukiikata milia iliyomo ndani ya faili, televisheni yenyewe itaweka mingine mahali pale pale. Mtu anaweza kuuliza, basi kuna faida gani ya kuhangaika? Faida niliiona kwenye simu. Skrini za simu nyingi za leo ni pana kuliko 16 kwa 9, na faili lenye milia ndani yake huonekana limezungukwa na weusi pande zote nne, picha ikabaki katikati kama stempu kwenye bahasha. Ukiikata milia hiyo, picha hutanuka hadi karibu na kingo za kioo.

Stempu hiyo hiyo niliikuta pia kwenye televisheni, katika DVD za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za 4 kwa 3. Ndani ya diski hizo picha pana imewekwa katikati ya fremu ya 4 kwa 3, ikiwa na weusi juu na chini, kisha televisheni mpya inaongeza weusi kushoto na kulia. Kwa diski za mfumo wa PAL, yaani ule wa video uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, fremu ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720 kwa 576. Picha ya 16 kwa 9 iliyowekwa humo kwa namna hiyo hutumia mistari 432 tu, na mistari 72 ya juu pamoja na 72 ya chini ni giza tupu. HandBrake ilivitambua vipimo hivyo yenyewe mara tu nilipoifungua diski, ikaandika 72 na 72 kwenye sehemu ya Dimensions. Niliigeuza filamu hiyo bila kugusa kitu kingine, na kwa mara ya kwanza ikajaza televisheni nzima, nyuso zikiwa nyuso.

DVD za baadaye zina ujanja mwingine, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwaka 1953 mfumo wa CinemaScope uliingia sinema ukitumia lenzi inayoibana picha pana ubavuni ili ienee kwenye mkanda wa kawaida, kisha lenzi ya projekta ikaitanua tena. DVD za picha pana hufanya jambo linalofanana na hilo bila lenzi: pikseli ni zile zile 720 kwa 576, lakini faili hubeba agizo linalokiambia kichezeo kuitanua picha hadi 1024 kwa 576. Agizo hilo likipotea wakati wa kugeuza, kila mtu hukonda. Likitekelezwa mara mbili, kila mtu hunenepa. HandBrake inalitunza, na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba inaonyesha vipimo viwili kando kando, vile vinavyohifadhiwa na vile vitakavyoonekana. Kwa filamu yangu moja ya 2.39 ilikata mistari 74 juu na 74 chini, ikahifadhi 720 kwa 428 na kuahidi kuonyesha 1024 kwa 428. Gawanya 1024 kwa 428 upate 2.39. Hesabu hii ya sekunde kumi imenifaa kuliko maelekezo yote niliyoyasoma, kwa sababu jibu likiwa tofauti na uwiano wa filamu, kuna kosa mahali fulani, na ni heri kulijua kabla ya kompyuta kukaa dakika arobaini ikifanya kazi.

Ukataji wa kujiendesha una mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuijua. Programu haitazami filamu yote. Inachukua picha chache za mfano kutoka sehemu mbalimbali na kukisia kutoka hapo ukingo wa picha uko wapi. Filamu yenye matukio mengi ya usiku inaweza kuipoteza, maana giza la hadithi na giza la mlia vinafanana. Filamu moja niliigeuza kwa haraka bila kuangalia onyesho la awali, nami nikakuta kofia za watu zimekatwa. Tangu hapo nimeongeza picha za mfano hadi 30 katika mipangilio, na ninazipitia moja moja kabla ya kuanza. Kwa zile filamu ambazo kimo cha picha hubadilika katikati, kwa kuwa baadhi ya matukio yalipigwa kwa kamera za IMAX, zenye picha ndefu zaidi kwenda juu, ninazima ukataji kabisa.

Tatizo lililonichukua jioni mbili halikuwa la programu. Televisheni yetu, inaposoma kutoka kwenye flashi, hulipuuza lile agizo la kutanua, kwa hiyo faili lililokuwa sahihi kabisa kwenye kompyuta lilitoka limebanwa sebuleni. Kwanza nilihakikisha kwa VLC, programu ya kuchezea video, ambako herufi A kwenye kibodi hubadili uwiano wa picha papo hapo, hivyo unaweza kupima bila kugeuza chochote. Kisha nikarudi HandBrake, kwenye chaguo la Anamorphic nikaweka None, nikahakikisha vipimo vinasoma 1024 kwa 428, ili pikseli zenyewe ziwe za mraba, yaani upana wake ulingane na kimo chake, na pasiwe na agizo la kutegemewa. Faili liliongezeka ukubwa kidogo, nalo likacheza sawasawa kila mahali. Anayejua kwamba mafaili yake yatachezwa kwenye televisheni za aina mbalimbali namshauri aanze hivyo moja kwa moja. Kwa diski za Marekani, ambazo zina mistari 480, kipimo cha picha pana kamili ni 854 kwa 480.

HandBrake haifungui diski zenye kinga ya kunakili, na 9 kati ya zile 43 zilikataa kwa sababu hiyo, sikuzilazimisha. Kwa zilizobaki 34 nimeridhika, na ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa ajili ya lugha ya skrini zake, kwa kuwa mtu asiyejua tofauti ya pikseli za mraba na zisizo za mraba hatasaidiwa na maneno anayoyakuta pale.

Diski ya mwisho ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili iliyochomwa ndani ya picha, na maandishi yake yalikaa kwenye mlia mweusi wa chini. Ukataji wa kujiendesha ungeweza kuyafyeka yote. Nilichagua vipimo vya mkono, nikakata mistari 74 ya juu peke yake na kuuacha wa chini ulivyo, na Baba anasoma tafsiri yake bila shida.