Keekee ya kwenye lori: kabla ya kuuliza nguvu za farasi, uliza joto linaenda wapi

Kiangazi kikikolea, malalamiko ya wakandarasi wa nguzo ni yale yale kuanzia Chamwino hadi Manyoni. Keekee ya haidroliki iliyofungwa nyuma ya lori inachimba vizuri asubuhi, ikifika saa nane mchana inazubaa. Ikiwa hewani inazunguka, ikigusa udongo inasimama. Fundi anaitwa, anasema pampu imekufa. Pampu mpya inafungwa jioni, kesho asubuhi watu wanapongezana, na saa nane mchana mashine imezubaa tena. Pampu ya zamani ilikuwa nzima. Oili ndiyo ilikuwa inachemka, na hakuna aliyeigusa tangi.

Kwa hiyo hapa hatutapoteza muda kwenye urefu wa boriti, meno ya keekee wala rangi. Tunachagua kitu kimoja tu: nini kiizungushe pampu, na joto lake liende wapi.

Tuanze na hesabu, maana muuzaji hatakufanyia. Nguzo ya mita 9 huzikwa kiasi cha mita 1.5. Kwa shimo la kipenyo cha milimita 350 hivi, chukua mota ya haidroliki ya cc 160 (oili inayopita kwa mzunguko mmoja) yenye giaboksi ya 6 kwa 1. Ikipata presha ya bar 180, itakupa nguvu ya kuzungusha ya Nm 2,400 hivi, msuguano ukishatolewa. Ili keekee izunguke mara 45 kwa dakika unahitaji kama lita 45 za oili kwa dakika. Zidisha 45 kwa 180, gawa kwa 600, unapata kilowati 13.5. Pampu nayo inakula chake, hivyo injini itoe kilowati 16, sawa na farasi 21 na ushee. Na hapo Dodoma bado haijachukua ushuru wake: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 24 za kwenye kibandiko, ukifika nazo Kizota, hapo hapo Dodoma, ni 21.

Sasa joto. Hata kazi ikienda sawa, karibu robo ya nguvu unayoingiza hugeuka joto ndani ya oili. Siku mbaya ni pale keekee inapokwama kwenye jiwe, au kwenye lile tabaka jeupe gumu lililo chini ya udongo mwekundu. Mota imesimama lakini pampu inaendelea kusukuma. Valvu ya kuachia presha, ile mafundi wanaiita rilifu, inafunguka, na kilowati zote 13.5 zinarudi tangini zikiwa joto tupu. Lita 40 za oili zina uzito wa kilo 35 hivi, na kwa kiwango hicho zinapanda nyuzi moja kila sekunde tano. Opereta mbishi akiushikilia mkono wa kuendeshea keekee kwa dakika moja, amepandisha nyuzi 12. Kwenye tangi la lita 150, ubishi huo huo unapandisha nyuzi 3 tu na kidogo.

Oili ya namba 46 (namba ya uzito wa kutiririka, si wa mizani) ikifika nyuzi 80 inabaki na kama robo ya uzito huo iliokuwa nao kwenye nyuzi 40. Inakuwa kama maji, inapenya katikati ya meno ya pampu na ndani ya mota badala ya kusukuma. Juu ya hapo sili za kawaida zinaanza kukakamaa, na zikishakakamaa hazirudi hata oili ikipoa. Lori lililopaki halipati upepo wa barabarani. Tangi liko chini ya chesisi, jirani na bomba la moshi, limevaa koti la vumbi. Litapoaje?

Ya kwanza: injini ya pembeni ya dizeli, na iwe Kubota

Upendeleo upo na haufichwi. Kubota V1505, silinda 4, lita 1.5, farasi zaidi ya 30, ndiyo saizi ya kazi tuliyoipigia hesabu. D1105 ya silinda 3 ina farasi 24 hivi, na umeshaona Dodoma inavyozikata: itafanya kazi ikiwa imebana meno siku nzima. Usiichukue eti kwa sababu ni nafuu.

Kubota inapendwa hapa kwa sababu inapozwa kwa maji na ina rejeta yake, inavumilia mzunguko mmoja kwa saa nyingi, na filta, nozeli na gasketi zake zinapatikana bila kuagiza nje. Iendeshe kwenye mizunguko 2,400 na uifungie pampu ya gia ya cc 20. Hapo lita 45 kwa dakika zinapatikana. Faida kubwa zaidi ni nafasi. Inakaa juu ya bodi, nyuma ya kabini, na tangi pamoja na rejeta ya oili vinakaa hapo hapo juu, mbali na bomba la moshi na mbali na vumbi linalorushwa na keekee kule nyuma. Injini ya lori inazimwa. Ukiuza lori, mtambo unabaki wako.

Kasoro zake: inakula nafasi ya kubebea nguzo, ina betri na filta zake za kutunza, na za mtumba nyingi zimetoka kwenye jenereta au vijiko vidogo, saa zake hazijulikani. Usiinunue kabla hujaisikia ikiwaka ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, subiri ipoe au ondoka. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi zimekwisha.

Ya pili: PTO ya giaboksi ya lori

PTO ni kifaa kinachochota nguvu kwenye giaboksi ya lori na kuizungusha pampu. Kwa nguvu hakuna inayoifikia. Canter au Fuso ina farasi za kumwaga, kilowati 16 haizihisi. Kama giaboksi ina tundu la PTO na kazi yako si ya kila siku, chukua hii. Lakini inunue kwa masharti.

Pima uwiano kwanza. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,200 na PTO ni ya 1 kwa 1, pampu ya cc 40 inatosha. PTO ikiwa ya 0.7, pampu inazunguka mara 840 tu, na utahitaji cc 58. Anayekuuzia pampu bila kukuuliza uwiano anakuuzia chuma. Hakikisha pia upande inakozunguka. Pampu ya gia iliyofungwa kinyume inapeleka presha upande wa kunyonya, sili ya shafti inaruka papo hapo, na kama imeshikana moja kwa moja na PTO, oili ya haidroliki inaingia kwenye giaboksi. Utaijua kwa kijiti cha giaboksi: kiwango kinapanda badala ya kushuka.

Dereva afundishwe: kanyaga klachi, hesabu mpaka tano gia zisimame, ingiza PTO, achia taratibu. Kabla ya kuondoka, itoe. Funga taa na king'ora kwenye kabini, kwa sababu lori likishika lami PTO ikiwa ndani, pampu inazungushwa mara mbili au tatu ya kasi yake na haifiki mbali.

Na hapa ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote: seti ya tipa. Unaambiwa "kila kitu kipo, PTO, pampu, tangi, unafunga tu." Pampu ya tipa imetengenezwa kunyanyua bodi kwa chini ya dakika moja, kisha ipumzike mpaka kifusi kingine. Tangi lake ni dogo, mara nyingi halifiki hata lita 40, na rejeta ya oili haina kwa sababu haihitaji. Ukiipa keekee, unaipa kazi ya kutwa. Kwenye tangi la lita 25, keekee ikikwama dakika moja oili inapanda nyuzi 19 hivi. Ikwame mara mbili tu kabla ya chai na umeshaharibu siku. PTO yenyewe ya tipa waweza kuitumia, ila pampu na tangi mrudishie mwenyewe.

Ya tatu: petroli

Honda GX690, silinda mbili, farasi 22 kwenye kibandiko, 19 na nusu Dodoma. Haifiki kwenye kazi ya lita 45. Ipe lita 30, keekee izunguke polepole, nayo inafaa kwa nguzo fupi, na kwa nguzo za kuegeshea mizabibu huko Hombolo au Mpunguzi. Inapozwa kwa upepo, kwa hiyo mapezi ya silinda yakizibwa na vumbi inajipika yenyewe. Petroli inakwenda kwa kasi kuliko dizeli kwa kazi ile ile. Ndogo zaidi ya hapo, na nakala zisizo na jina, ni za kumwagilia bustani.

Zisizostahili nafasi

Pampu ya mkanda kwenye krenki: mkanda unateleza vumbi likiingia. Pampu ya umeme wa volti 24: kilowati 16 ni zaidi ya ampea 660, na betri mbili za ampea 150 zitakwisha kabla ya robo saa. Acha.

Vitu ambavyo muuzaji hataviweka kwenye bei

Tangi la lita 150 lenye ukuta wa kati, ili oili inayorudi isinyonywe papo hapo. Bomba la kunyonya la inchi 1¼ kwa uchache, la kurudi inchi 1, la presha inchi ¾. Rejeta ya oili yenye feni ya umeme inayojiwasha oili ikifika nyuzi 50, mapezi yake yawe yameachana ili vumbi lipite. Ipulizwe kila jioni kwa upepo, kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kwa mbele unalishindilia vumbi. Kipimajoto kwenye tangi, mbele ya macho ya opereta: nyuzi 65 anapunguza, 75 anasimama. Oili iwe namba 68 kama mtengenezaji wa pampu anairuhusu.

Ukijumlisha hivyo vyote, ni sehemu kubwa ya gharama ya mtambo, na ndiyo maana wauzaji wanavinyamazia. Wanajua mteja analinganisha farasi kwa farasi. Wengine wanakwangua kibao cha pampu kabisa, ukiuliza cc unajibiwa "hii kubwa hii". Ukikosea ukataja neno mradi, bei inapanda kabla hujamaliza salamu, na ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inapanda tena, kana kwamba risiti ni spea. Ndoo za oili nazo: ya lita 20 iliyofungwa muhuri upya inauzwa kwa bei ya halali. Itikise ukiwa dukani, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache juu ya kaunta wakati mnapatana. Ikijikusanya ukungu, au ikiweka tope chini kabla hamjamaliza kubishana bei, irudishe hapo hapo huku pesa bado ziko mfukoni mwako.